Kozi Aliyoitaka Tine

Hervé alikuwa mtu wa Goma, na kazi yake mjini Brussels ilikuwa kusukuma vitanda vya wagonjwa katika hospitali moja kubwa huko Woluwe: kutoka wodini kwenda kupigwa picha, kutoka huko kwenda chumba cha upasuaji, na kurudi. Ni kazi ya miguu na ya maneno machache ya kumtuliza mtu mwenye hofu, na maneno hayo aliyajua kwa Kifaransa na kwa Kiholanzi cha kubahatisha. Makazi yake yalikuwa upande wa pili kabisa wa mji, Berchem, katika majengo ya manispaa, pamoja na mkewe Tine, Mflamandi wa lugha ya Kiholanzi anayefundisha watoto kuogelea. Nyumbani walizungumza Kifaransa, lugha ambayo hakuna hata mmoja wao aliyezaliwa nayo, na kwa miaka mingi hilo halikumsumbua yeyote.

Kilichomsumbua Tine zilikuwa simu za Jumapili.

Kila Jumapili baada ya misa mama yake Hervé, Maman Kasoki, alipiga simu ya picha kutoka Goma. Hervé aliiegemeza simu kwenye chupa ya mafuta ya kupikia, Tine akaketi kando yake, na mama akaanza. Mtandao ukimruhusu, aliweza kuzungumza muda mrefu bila kumeza mate. Alipotulia, Tine alimgeukia mumewe.

"Amesema nini?"

"Anakusalimu."

"Maneno yote yale ni salamu tu?"

"Salamu za kwetu ni ndefu," Hervé alijibu.

Siku moja ya Septemba, simu ilipokatika, Tine alisema amechoka kuketi mbele ya mama mkwe kama picha ya ukutani. Alitaka kujifunza Kiswahili. Hervé hakuwa mwalimu, na wote wawili walilijua hilo, kwa sababu walikwisha kujaribu. Tine alikuwa ameuliza kwa nini katika Kiswahili cha Goma mtu mmoja ni *muntu* na wakiwa wengi wanakuwa *bantu*, na kwa nini neno lingine halifuati njia hiyo hiyo. Hervé akasema inasemwa hivyo tu. Akaulizwa tena, akasema inasemwa hivyo tu kwa sauti ya juu zaidi, na somo likaishia hapo, Tine akavaa koti na kwenda zake kuogelea siku yake ya mapumziko.

Kwa hiyo alitafuta mtandaoni, akapata kozi. Ilikuwa na picha nzuri, sauti za watu halisi, mazoezi ya kila siku, na wiki mbili za kujaribu bure kabla ya kulipia mwaka mzima. Bei haikuwa ya kutisha, wala haikuwa ya kufumbia macho.

"Wewe ndiye unayeijua lugha," alimwambia Hervé. "Ipitie, uniambie kama inafaa kununuliwa."

Jumamosi Hervé aliketi mbele ya kompyuta na kikombe cha kahawa. Kozi ilimtaka kwanza afanye jaribio, ijue imweke darasa gani. Alitabasamu. Picha ya kwanza ilionyesha watoto uwanjani. Akaandika *batoto benyi banacheza*. Sentensi ikageuka nyekundu. Akaandika *bantu benyi*, nyekundu tena. Akaambiwa aandike alikoenda jana. Akaandika *nilienda ku soko*, na kompyuta ikamwonyesha, kwa upole uliomkera kuliko matusi, kwamba husemwa *sokoni*. Mwishowe ikatokea picha ya ua na maneno: Hongera, wewe ni mwanafunzi wa mwanzo, usikate tamaa.

Kahawa ilikuwa imepoa. Hervé alifungua masomo yenyewe. Bwana mmoja mwenye sauti ya mtangazaji wa redio alikuwa anaomba chumba chenye kitanda kikubwa na dirisha linalotazama bahari. Katika somo lililofuata alikuwa anauliza kifungua kinywa huanza saa ngapi. Lililofuata, alikuwa anamshukuru dereva kwa kumwonyesha twiga.

"Haifai," Hervé alimwambia Tine alipotoka kuoga. "Hakuna mtu kwetu anayesema hivi. Ni kozi ya watalii."

"Haifai kwa sababu haifai, au kwa sababu imekufelisha?" Tine alikuwa ameliona lile ua kwenye kioo kabla ya kwenda kuoga.

"Nimezaliwa ndani ya Kiswahili, Tine."

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza."

Hervé akasema ataiangalia vizuri zaidi. Lakini hasira iliyokuwa ndani yake haikuwa ya kozi peke yake, na hilo alilijua mwenyewe.

Wakati wa Pasaka Tine alikuwa na mimba changa. Hervé, kwa furaha, alimwambia mama yake siku hiyo hiyo, na Goma kukapigwa vigelegele ndani ya simu. Kabla ya kiangazi mimba ikatoka. Tine alilazwa siku mbili, akarudi nyumbani, na baada ya muda akamwuliza mumewe kama mama ameambiwa. Hervé akasema ndiyo. Hakuwa amemwambia. Wiki hizo mama alikuwa anasimulia habari za risasi mtaani, za benki zilizofungwa, za jirani aliyetoka kutafuta maji na hakurudi, na Hervé hakuweza kumwongezea hilo. Alijiambia atamwambia Jumapili ijayo. Jumapili ijayo ilipofika alijiambia vilevile. Na mama, kila alipopiga simu, aliulizia tumbo, alitaja majina ya watoto aliyoyapenda, aliomba Mungu kwa sauti. Hervé aliiegemeza simu mahali ambapo nyuso tu ndizo zilizoonekana, kisha akamtafsiria mkewe: anakusalimu.

Upande wa Tine, yeye alikuwa na swali lake. Mama mkwe alijua, au ndivyo alivyoambiwa, na bado kila Jumapili alicheka na kupunga mkono, bila hata pole moja. Labda, aliwaza, ningekuwa na maneno yake, angeniambia kitu.

Katikati ya wiki, wakati wa chakula cha mchana kazini, Hervé alimwonyesha kozi ile Zaituni, muuguzi kutoka Morogoro aliyekuwa akifanya naye kazi wodi moja. Alitumaini kusikia kwamba ni takataka. Zaituni alivaa miwani, akasikiliza somo moja, akaruka, akasikiliza lingine, akijaribu mazoezi kwa kidole huku akila.

"Sarufi yao iko sawa," alisema. "Hiki Kiswahili ni sahihi. Mambo ya hoteli yanachosha, kweli, na mazungumzo ni machache. Lakini mtu akimaliza hii ataunga sentensi."

"Lakini Zaituni, *donc*, yaani, kule kwetu hakuna muntu anaongeaka hivi. Maman yangu ataona ni kama padiri anahubiri."

"Atamwelewa au hatamwelewa?"

Hervé alikata mkate wake vipande ambavyo hakuvila. "Atamwelewa."

"Basi tatizo litakuwa upande wa pili. Mama akijibu, shemeji hataambulia kitu, maana masikio yake yatakuwa yamezoea huyu bwana wa redio. Hapo ndipo wewe unahitajika, kaka. Keti naye tu. Mwambie mama anasema hivi, kitabu kinasema hivi."

Njia aliyoonyeshwa ya kumsaidia Tine ilikuwa ile ile ya ualimu asiyoiweza. Hervé alishukuru, akarudi kwenye vitanda vyake, na siku nzima alisukuma watu kwa haraka kuliko ilivyohitajika, hata bibi mmoja akamwomba apunguze mwendo.

Jambo ambalo hakulijua ni kwamba Tine hakumsubiri. Kila asubuhi, kabla ya bwawa kufunguliwa, alikuwa anaketi kwenye benchi la makocha na vidude vya masikioni, akirudia maneno kimoyomoyo.

Jumapili ilipofika walikuwa wametoka sokoni Gare du Midi, mifuko ya mboga bado iko sakafuni, simu ikalia. Hervé aliiegemeza kwenye chupa. Uso wa Maman Kasoki ukajaa kioo. Kabla mumewe hajafungua mdomo, Tine aliinama mbele.

"Shikamoo, mama. Habari za nyumbani?"

Maman Kasoki alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Eh, Hervé, muke yako anaongea kama *abbé*, padiri wa zamani. Muzuri, mutoto wangu, muzuri sana." Akaanza kumwaga maneno, na Tine akayaona yakimpita kama tramu isiyosimama. Akakumbuka sentensi moja ya kozi.

"Tafadhali, mama, sema tena polepole."

Mama akakikaribia kioo, akasema kwa utaratibu, neno baada ya neno: "Tumbo iko namna gani? Mutoto, tutamuona lini?"

"Mtoto?" alisema Tine.

"Ndiyo. Mutoto."

Tine alimgeukia mumewe. Hervé akasema kwa Kifaransa, akitazama mifuko ya mboga, "Anauliza habari za watoto wako wa bwawani."

"Hapana. Amesema lini. Lini najua maana yake." Sauti yake ilikuwa chini. "Hajui. Hukumwambia."

Hervé aliusogeza mfuko mmoja kwa mguu. Mama, kutoka Goma, aliuliza kuna nini. Tine aliirudia simu. Neno alilolihitaji halikuwa ndani ya masomo ya kozi. Alikuwa amelitafuta mwenyewe wiki ile, kwenye kamusi, kwa kuwa ndilo jambo pekee alilotaka kumwambia mama mkwe.

"Mama. Mtoto hayupo."

"Hayupo? Ameenda wapi?"

"Mtoto amekufa, mama. Zamani."

Maman Kasoki aliuvuta ule mtandio wa kitenge, akajifunika kichwa, na kwa muda kilichoonekana kilikuwa maua ya kitambaa tu. Alipojifunua alizungumza kwa muda mrefu, bila kucheka, machozi yakimtiririka, na hakuwa anazungumza polepole tena.

"Anasema nini?" Tine alimshika Hervé mkono, si kwa upendo. "Yote. Usifupishe."

Hervé alianza. "Anasema pole. Anasema hakujua, na ulimwona akicheka, umsamehe." Akasita, kwa sababu kilichofuata naye alikuwa anakisikia kwa mara ya kwanza. "Anasema kabla yangu mimi alipoteza wawili, tumboni. Anasema watu walimwambia asilie, kwa hiyo hakulia. Anauliza ni nani aliyekaa na wewe."

"Na hayo ya mwisho? Amelitaja jina lako."

"Anasema atazungumza na mimi siku nyingine."

Simu ilikatika katikati ya sala. Tine aliinuka akaanza kupanga mboga kwenye friji, moja moja, mgongo wake ukimwelekea mumewe.

"Kiangazi kizima nilimchukia mama yako," alisema. "Nilidhani ni mwanamke asiye na moyo."

"Kulikuwa na vita, Tine. Sikutaka kumwongezea."

"Na mimi ulinipunguzia nini?"

Hervé aliinua mfuko wa mwisho wa mboga, akamsogezea.

Siku mbili walisemezana mambo ya lazima tu. Ya tatu, wiki za kujaribu zilipokuwa zinaisha, Tine alikuja na kompyuta mkononi.

"Sasa nipe jibu la kweli. Kozi hii inafaa au haifai?"

Hervé alivuta pumzi. "Nusu. Itakufundisha kusema, na mama atakuelewa. Haitakufundisha kumwelewa yeye. Na yule bwana wa hoteli bado simtaki."

"Kusema nilikuwa siwezi kabisa," alisema Tine, na akainunua.

Miezi imepita. Hervé angependa kusema kwamba alikaa naye wakajifunza pamoja, kama Zaituni alivyomshauri, na kweli walijaribu, jioni kadhaa, hadi Tine alipoanza kumsahihisha yeye. Alisema *ku hospitali*, akaambiwa *hospitalini*. Akasema kwamba ameongea hivyo tangu utotoni, akaambiwa kitabu ndivyo kinavyosema. Waliacha kabla hawajagombana.

Siku hizi Maman Kasoki anapiga kwenye simu ya Tine. Na Hervé huzungumza naye mwishoni, maneno machache: afya, kazi, baridi. Ile siku nyingine aliyoahidiwa bado haijafika, na yeye haulizi.

Jumapili iliyopita alisimama kwenye mlango wa jikoni akawasikia wakipotezana. Mama alikuwa anasimulia kwamba paa limeanza kuvuja. Tine alidhani anasimulia juu ya jirani mgonjwa, akawa anasema pole, pole sana, atapona. Mama akacheka, akaanza upya, akaonyesha dari kwa kidole. Hervé aliingia hatua moja ili awanyooshee mambo. Tine, bila kugeuka, aliinua kiganja kumzuia.

Akarudi sebuleni, akakaa, akasubiri kuitwa. Hawakumwita.