Leso ya Maua ya Mkorosho

Randu ni mjukuu wangu, nimemlea hapa Matsangoni tangu mamaye alipofariki. Watu wanasema aliuza fainali. Hakuuza. Mimi nilikuwepo, nilikaa nyuma ya goli lake, basi nisikilizeni mimi.

Alikuwa golikipa wa chuo cha ufundi, akisomea uashi. Mechi ya kwanza ya ligi ya vyuo, kule Junju, alipigwa teke la uso, jino likatoka. Akalitema, akaendelea kudaka. Aliporudi nikampa leso yangu ya maua ya mkorosho. "Jifutie damu na hii, usiharibu shati la watu."

Tangu hapo akawa anaitundika kwenye wavu, na tangu hapo hakufungwa tena. Kijana alikuwa anaruka kama ngedere! Lakini watu wa kwetu, golikipa asipofungwa, wanachimba chini ya mlingoti kutafuta hirizi. Walichimba wakakosa, wakaiona leso.

Mechi ya Kakuyuni, mashabiki waliingia uwanjani na marungu.

"Golikipa, umefunga jini gani humo?"

"Njoo uinuse. Ni jasho la bibi yangu."

Wakamvunja kidole. Leso hakuiachia.

Maneno yakafika kwangu. Nywele zangu ni nyeupe pe, na huku kwetu mzee mwenye mvi anajulikana anavyotazamwa. Wangapi wamekatwa mapanga kwa neno la uchawi, na shamba likabaki kwa aliyelisema! Asubuhi moja akaja Mangi, mtoto wa jirani, na wenzake. Mbuzi wangu akamkata shingo mlangoni pangu, damu ikanirukia miguuni.

"Bibi, kina Randu wakishinda fainali na leso yako, mchawi ni wewe. Tutakumaliza."

"Na wakishinda bila leso?"

"Utakuwa umeizika uwanjani."

"Mangi, mamako alipokuzaa nilikupokea mimi. Ulitoka unapiga kelele vivi hivi, bila sababu."

Akanipiga bapa la panga begani. Sikulia.

Randu alipoiona ile damu, alipiga magoti akanifuta miguu. "Hawe," aniitavyo mimi bibi yake, "twende Malindi kwa shangazi. Au upake piko nywele, ziwe nyeusi."

"Nimwachie Mangi nyumba? Siendi. Wala sipaki."

Akamfukia mbuzi. Kisha akasema, "Basi njoo fainalini. Ukae nyuma yangu, watu wakuone."

Ilichezwa Kilifi, alasiri. Leso akaitandaza mwenyewe kwenye wavu, yote, kama anayeanika. Mangi na genge lake walisimama karibu nami, mapanga wameyazungushia magunia. Mpira wa kwanza ulikuja unabingirika, hata mimi ningeuzuia kwa bakora. Randu akaangukia upande mwingine. Wa pili akautazama ukipita. Wa tatu ukaingia ukaipiga leso yenyewe, ikaanguka mchangani.

Uwanja mzima ukacheka. "Mchawi gani huyu! Leso hata mpira haizuii!" Mangi alicheka hadi akakaa chini, panga likamtoka guniani. Mimi nilikuwa nachemka. Nilitaka kuwaambia kijana wangu anaweza, hamjamwona Junju!

Filimbi ya mwisho haijalia vizuri, Dena, kapteni wa timu yake mwenyewe Randu, akaja mbio akamrukia na njumu kifuani. Wenzake wakafuata. Walimkanyaga mkono wa kulia, na nilivyokuwa karibu niliusikia mfupa. Yeye hata hakuinua mikono kujikinga. Nikaingia, nikampiga Dena bakora ya kichwa, ikavunjika, nikampiga na kile kipande. Refa ndiye aliyenivuta.

Mkono umeunga kombo. Mwiko wa uashi hakamati, chuo ameacha, anafua nazi sokoni kwa mkono wa kushoto. Waliokuwa timu yake wakipita wanatema mate. Mangi naye akipita ananitania, "Shikamoo, bibi. Leso imeisha nguvu?" Panga hana. Mvi zangu ziko vilevile na nyumba nimo.

Jana nilimwuliza Randu wakati namkanda, "Ulifungwa makusudi?"

"Aa, Hawe. Jua lilinipiga machoni."

Nikaendelea kumkanda. Jua lilikuwa mgongoni mwetu, mimi na yeye.