Mfua Jezi Aliyeisikia "Ndiyo" Isiyosemwa

Saa kumi na mbili asubuhi, Musembi Mutinda anaanika jezi kwenye kamba nyuma ya chumba chake mtaani Woodley. Ni kumi na nane, za kijani, na anazibana mabegani ili namba zisikunjike. Namba tisa anaianika mwisho kabisa, kwenye kona, mahali ambapo hataiona akitoka mlangoni.

"Hiyo ni ya Joash," anasema, akijifuta povu. "Nikiiona asubuhi, chai hainishuki."

Musembi, mwenye umri wa miaka hamsini na mitatu, ni mtunza jezi wa Ngao Stars, timu ya ligi ya kaunti. Siku za kazi hukata nyasi na kupogoa ua wa nyumba moja kule Kitisuru kwa shilingi elfu kumi na nane kwa mwezi. Jezi humletea elfu moja mia tano kila mechi, sabuni ikiwa juu yake. Wachezaji humwita Sabuni.

Kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kuziweka jezi kwenye benchi watu wajichukulie. Alimkabidhi kila mchezaji yake kwa mikono miwili, pamoja na utani kidogo. "Irudi na jasho, isirudi na visingizio," aliwaambia. Tangu mwisho wa Julai, wachezaji huzikuta zimerundikwa benchini, naye Sabuni yuko nyuma ya goli, akijifanya anafunga wavu.

Aibu hii ilianzia kwenye neno moja.

Mwenye timu ni Mungai Njuguna, mzee wa miaka sitini na minane mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Si mchoyo, ila anaogopa timu kupanda daraja. Timu yake ya kwanza ilipanda daraja, ikakosa nauli ya kusafiri kwa mechi tatu, ikaondolewa ligini, na wachezaji wakatawanyika. Tangu hapo, ukimwuliza lolote, jibu lake ni "Tutaona."

Aliyejua kulisoma neno hilo ni kocha Ngui, aliyefariki mwaka jana baada ya kuugua kwa muda mfupi. Ngui alikuwa na kanuni iliyojulikana na timu nzima: Njuguna akisema "tutaona" akiwa ameketi, hiyo ni hapana. Akiinuka ndipo aseme, kuna matumaini.

"Kofia yake ingali humu," anasema Musembi, akigusa begi la jezi. "Sijaweza kuitoa."

Mwezi Juni, Ngao Stars ilimaliza ya pili na kupata nafasi ya kupanda. Kilichobaki ni fomu yenye sahihi ya mwenye timu, irudishwe kabla ya Ijumaa ya mwisho ya Julai. Ngui hayupo, Musembi akapiga simu mwenyewe.

"Tutaona, Musembi," Njuguna alimjibu.

"Nilisikia sauti imechangamka," anakumbuka. "Nikajiambia, huyu amesimama."

Jioni hiyo mazoezini aliwatangazia wachezaji kwamba mzee amekubali. Wakambeba juujuu. Joash, mshambuliaji wa miaka ishirini na minne anayeosha magari Hurlingham, alikuwa ameitwa na timu ya daraja la juu kule Thika. Alimvuta Musembi kando.

"Sabuni, niambie ukweli. Nikae ama niende?"

"Kaa, kijana wangu. Tunapanda."

Joash akakaa. Ijumaa ikapita bila sahihi. Timu ya Thika ikachukua mshambuliaji mwingine, na usajili ukafungwa.

Wachezaji wakamwita Njuguna kigeugeu. Alipokuja uwanjani, walimpa mgongo. "Kwani nimewakosea nini hawa vijana?" mzee alimwuliza Musembi. Musembi akasema hajui.

"Hapo ndipo nilijiona mdogo," anasema. "Kusikia vibaya ni kitu kingine. Lakini kumwacha mtu atukanwe kwa maneno niliyosema mimi..."

Wiki tatu zimepita. Jumamosi hii, kabla ya mechi, Musembi haendi nyuma ya goli. Anasimama mbele ya wachezaji, begi miguuni.

"Mzee hakukubali," anawaambia. "Alisema tutaona. Ni mimi niliongeza."

"Alikuwa ameketi?" mmoja anauliza.

"Ilikuwa simu."

Mtu anacheka, kisha anagundua kwamba yuko peke yake. Joash anafunga kamba za viatu kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Nilikuuliza wewe kwa vile hudanganyi," anasema bila kuinua kichwa. "Ningetaka uongo, ningeuliza hawa mawinga."

"Najua. Nisamehe."

"Si leo, Sabuni."

Musembi anavuka uwanja hadi kwenye gari la Njuguna na kurudia maneno yale yale. Mzee anamsikiliza, macho yakiwa kwa wachezaji.

"Ungeniambia ile siku nilikuuliza," anasema hatimaye. "Nimekuwa nikilala na hilo swali."

"Ni kweli, mzee." "Na mwaka ujao? Tukimaliza juu tena?"

Njuguna anapangusa vumbi kwenye kioo cha gari.

"Tutaona."

Msimu huu mpya una mechi ishirini na mbili, na Musembi ameshapanga. Fomu ikitoka, ataipeleka dukani kwa miguu yake, asimame mbele ya mzee amwangalie akijibu. "Simu sitashika," anasema.

Anaporudi kutoka kwenye gari, wachezaji wote wamemkazia macho. Joash ndiye anayeuliza.

"Amesemaje?"

"Amesema tutaona."

"Amesimama?"

Musembi anageuka kutazama tena, ili asikosee.

"Ameegemea gari."

Safari hii wanacheka wote, isipokuwa yeye na Joash. Kicheko kinapotulia, Joash anainuka na kunyoosha mkono mmoja. Musembi anaitoa namba tisa begini na kumkabidhi kwa mikono miwili, bila utani.