Hesabu Niliyoondoka Nayo

Nianze kwa kukiri: kabla sijaugua nilikuwa mtu wa majivuno. Nilifanya kazi ya kompyuta Tunduma kwa miaka kumi na mmoja, katika kampuni ya kutoa mizigo forodhani. Nilianza kampuni ikiwa na kompyuta moja, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni. Nilipougua zilikuwa ishirini na mbili. Zote nilizifunga mimi, nyaya nilizivuta mimi, hata programu ya kutunza nyaraka za mizigo niliiandika mimi. Malori yakijipanga mpaka nje ya mji, hakuna aliyeuliza mkurugenzi yuko wapi. Waliniuliza mimi. Madereva wa Zambia wakinikuta barabarani waliniita "mama" kwa heshima ya kwao, "Bamayo, sistimu imerudi?" Nami navimba kichwa.

Sikuwa na Jumapili. Nilikula nimesimama. Mkojo niliubana mpaka kibofu kikauma, maana niliamini nikienda chooni tu simu italia. Kisogo kiliniuma karibu kila siku, nikameza vidonge vya maumivu na kusingizia vumbi la malori. Mdogo wangu alinisihi nikapime presha. Nikamjibu kwamba presha ni ya wazee. Nilikuwa na miaka thelathini na nane.

Asubuhi moja ofisini nilikunywa chai, ikanimwagikia kifuani. Nikafuta, nikanywa tena, ikamwagika tena. Festo, fundi mwenzangu aliyeajiriwa mwaka ule, alinitazama akaweka kikombe chake chini.

"Dada, mdomo wako umeenda upande."

Nilikimbilia kioo cha chooni. Upande wa kulia wa uso ulikuwa umelala kabisa. Jicho halifumbi, linatoa machozi tu. Nilicheka kwa woga, na kwenye kioo nusu ya uso ikacheka, nusu haikuwa na habari.

Kabla ya saa sita ofisi nzima ilikuwa na jibu. Huyu alisema nimepigwa na upepo mbaya, yule akasema kampuni pinzani zimenitengeneza kwa mganga. Festo hakungoja kikao chao kiishe. Alinipakia kwenye gari tukaenda hospitali Mbeya.

Daktari alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya taratibu. Aliniambia nikunje paji la uso, likakunjika upande mmoja tu. Akanishika mikono, akanitembeza chumbani, akanipima presha mara tatu.

"Huu si kiharusi, mshukuru Mungu," akasema. "Ni mshipa wa fahamu wa uso, na mara nyingi unapona. Kinachonitisha ni presha yako. Ukirudi kwenye maisha hayohayo, siku nyingine hatutazungumzia mdomo peke yake."

Alinipa vidonge, dawa ya jicho na plasta ya kulifunga ninapolala. Akaandika barua kwamba nipumzike kwa muda mrefu.

Mkurugenzi wetu hakuwa mtu mbaya. Aliisoma barua mara mbili akasema, "Chukua mwaka mzima. Mshahara sitaweza, ila nafasi yako ipo. Mkabidhi Festo kila kitu."

Nikamkabidhi funguo, madaftari na michoro ya nyaya. Na hapa ndipo penye aibu yangu. Programu yangu ilipokwama ilikuwa inatoa namba kwenye skrini, na kuifungua ilitaka namba nyingine, iliyopatikana kwa hesabu ndogo niliyoitunga mwenyewe. Hesabu ile haikuandikwa popote. Festo aliniuliza. Nikamwambia, "Hiyo ngumu kidogo, ukikwama nipigie." Ngumu wapi! Niliogopa kwamba nikiitoa, watanisahau kabla mwaka haujaisha.

Nikaenda kwa mama yangu Ikinga, kule Ileje. Wakati huo simu haikushika nyumbani. Ilishika juu ya kilima nyuma ya shule, penye mwamba, na watu walipaita Mtandaoni. Wiki ya kwanza nilipanda mara moja. Kufika wiki ya tatu napanda kila asubuhi, jicho nimelifunga kitambaa, nasimama kwenye upepo namsikiliza Festo akinisomea namba, namrudishia namba yake. Nikishuka moyo unadunda mpaka nausikia masikioni. Nyumbani nilikuwa sina faida. Hata moto jikoni sikuweza kuupuliza, pumzi yote ilitorokea kwenye pembe ya mdomo uliolala, na mate juu.

Siku moja programu ilikwama mara nne. Niko pale juu ya mwamba, nikahisi kitu cha moto puani. Damu. Ilichuruzika mdomoni, na kwa kuwa mdomo haukufunga vizuri, ikaingia ndani nikaionja. Nilijiziba kwa khanga nikaendelea kutaja namba. Ndugu zangu, nilikuwa natokwa damu na bado nataja namba! Kina mama waliokuwa wanatoka kuchuma maharage waliniona, wakaenda kumwambia mama. Akapanda kilima kile na goti lake bovu.

"Hao wa Tunduma wanataka nini kwako?" akauliza.

"Namba, mama. Hawaijui."

"Kwa nini hawaijui?"

Nikajipangusa pua kwa khanga. Mama akaketi juu ya mwamba, akahema kwanza.

"Mimi nikienda msibani siku nne, mke wa kaka yako anajua unga ulipo. Wewe umewafungia watu unga, mama, halafu unalalamika wanakugongea mlango. Kufa utakufa wewe. Wao watanunua unga mwingine."

Nilikasirika. Nilitaka kumwambia kwamba hajui kompyuta. Lakini alikuwa ananifuta damu kidevuni kwa mkono wake, nikashindwa. Nikampigia Festo palepale.

"Andika," nikamwambia. "Ile namba ya kwenye skrini, zidisha kwa tarehe ya siku hiyo. Kisha ongeza mwaka niliozaliwa."

Aliandika. "Basi?"

"Basi."

"Dada! Mimi nimefunga safari mpaka Mbeya kumuuliza mwalimu wangu wa chuo."

Nikamwomba msamaha, nikamtajia na mwaka wenyewe. Nesi wa zahanati aliponipima presha siku ile alinigombeza mpaka wagonjwa wengine wakanionea huruma.

Sitawadanganya kwamba baada ya hapo nilifurahi. Nilipanda tena siku mbili baadaye. Simu kimya. Nikapanda wiki iliyofuata, kimya. Nilikaa kwenye ule mwamba nikalia kuliko nilivyolia siku uso ulipopinda. Miaka kumi na mmoja, na hakuna hata wa kuniuliza kitu. Kumbe mtu unaweza kujiomboleza ukiwa hai.

Baada ya hapo usingizi ulikuja, tena wa mchana kweupe. Nililala kama mtoto aliyeshiba. Nilimeza vidonge vya presha kila siku, nikapunguza chumvi, nikapalilia maharage jua likiwa bado changa. Mbele ya kioo nilijaza hewa mashavuni na kutamka a, e, i, o, u mpaka watoto wa kaka wakaniiga. Mwezi wa nne hivi tangu niugue, niliinama jikoni nikapuliza moto, ukawaka. Mama alikuwa anachambua mchicha. Alisimama akaimba pambio lote, na sauti yake mbaya ile.

Mwaka ulipoisha nilirudi Tunduma. Mkuu wa kitengo sasa alikuwa Festo, na ile hesabu yangu alikwishaiondoa kabisa. Iliniuma kwa wiki mbili, kisha nikaona yuko sawa. Leo uso umerudi, isipokuwa jicho la kulia huchelewa kufumba nikichoka. Presha bado ninayo na dawa nameza. Namshukuru Mungu, namshukuru yule daktari, namshukuru mama kuliko wote. Ukiona uso umepinda, nenda hospitali siku hiyohiyo, mambo ya upepo waachie wenye nafasi. Pima presha hata kama huumwi. Na kazi unayoijua peke yako, mfundishe mtu ungali na afya.

Mwezi uliopita Festo alichukua likizo. Siku ya tatu sistimu ikalala, malori yakajipanga. Mkurugenzi akaja mbio, "Mpigie Festo!"

"Yuko likizo, mzee. Maelezo yote ameacha. Sijayazoea tu, nipe muda."

Akavuta kiti akaketi. Nikafungua daftari la Festo ukurasa wa kwanza. Ilituchukua mpaka alasiri, madereva wakinung'unika dirishani, na mmoja akanitukana kwa Kibemba chote ninachokielewa. Festo alikuwa kwa wakwe zake Mlowo, anakula. Hakuna aliyemsumbua.