Timazi Achagua Chuo

Pale kazini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Timazi, kama ile kamba yenye uzito ya kupimia wima wa ukuta, kwa sababu ukuta uliopinda hata kwa unene wa kucha haukupita mbele ya macho yake. Alikuwa binti wa fundi mwashi, na kazi ilimwingia mikononi kabla hajaisoma popote. Alijenga miaka kumi na tisa, kumi ya mwisho akiwa nyapara, na hakuna mwenye nyumba hata mmoja aliyerudi kulalamika.

Hata hivyo, jengo la ghorofa nne alilolitoa msingini alikabidhiwa bwana mmoja mwenye shahada alisimamie, na Timazi ndiye aliyekuwa akimwonyesha bwana huyo nondo ipi inakaa wapi. Mkandarasi, mtu mwema asiyepindisha maneno, akamwita kando.

"Dada, kazi unaijua kutuzidi sote. Lakini bodi ya wajenzi haisajili mikono, inasajili shahada. Nenda kasome usimamizi wa ujenzi. Ni miaka minne, nafasi yako nitakutunzia. Ila ni mara moja tu. Ukirudi hujui zaidi ya ulivyoondoka, nitakuwa sina la kukusaidia."

Timazi alikuwa na miaka thelathini na tisa. Akichagua vibaya, hapakuwa na kuanza upya.

Vyuo viwili vilimkubali, vyote vikitambuliwa na bodi. Kimoja kilikuwa kikongwe chenye jina kubwa. Kingine kidogo, nyuma ya karakana za maseremala, hata dereva wa teksi alilazimika kuuliza njia. Nyumbani shauri lilikwisha kabla halijaanza. Mama yake, mwalimu mstaafu aliyebaki mjane, alisema ni chuo kikubwa. Baba mdogo akalidaka neno hilo, akautangazia ukoo mzima.

"Umeniwahi, baba mdogo. Hata fomu sijajaza."

"Fomu ni karatasi tu, mwanangu. Watu wameshapiga vigelegele, sasa nikawaambie wavimeze?"

Siku ya Jumanne Timazi akaomba ruhusa kazini, akaenda kuviona vyuo hivyo kwa macho yake. Wengine huchagua kwa vijitabu vyenye picha. Yeye alitaka kugonga kuta.

Chuo kikubwa kiling'aa. Idara ya ujenzi ilikuwa na jengo jipya, lililosimamiwa na wahadhiri wake wenyewe. Timazi alipanda ngazi kifua mbele, miguu imeshazoea mwendo, mara kipandio cha mwisho kikampiga ngwala, akatua kwa magoti. Mhadhiri aliyempokea akacheka kwa upole.

"Pole, dada. Wageni wote hujikwaa hapo. Sisi tumeshazoea."

Timazi hakuinuka mara moja. Alinyoosha vidole, akapima. Kipandio kile kilivizidi vingine kimo kwa vidole viwili. Ugonjwa huo aliujua. Walipomwaga zege la ngazi walisahau kwamba sakafu ya juu ingetandazwa saruji, kisha vigae. Sakafu ikapanda, ngazi ikabaki pale pale. Kosa hilo yeye mwenyewe alilifanya mwaka wake wa pili kazini. Baba yake hakumgombeza. Alimpa nyundo na tindo, naye akaivunja ngazi yote, vumbi na machozi vikimwagika pamoja.

"Mna mpango wa kuirekebisha?" aliuliza.

"Ngazi? Kwani haipandiki?"

Akashukuru, akaaga.

Chuo kidogo kilikuwa na paa la mabati na viti vilivyochakaa. Uani wanafunzi walikuwa wakibomoa ukuta uliowafika kifuani. Mwalimu wao, mama mwenye vumbi hadi kwenye nyusi, alisimama akiwatazama.

"Ukuta huu umelala kidole kimoja," alimweleza Timazi. "Wakaupiga lipu wakidhani sitaona. Wakimaliza, kila mmoja ataandika nani alipaswa kuona, siku gani, na kwa nini alinyamaza."

"Dada, kama unataka usingizi, nenda chuo kile kingine!" mwanafunzi mmoja alipaza sauti, na nyundo zote zikasimama kwa kicheko.

Moyo wake ulitulia hapo. Kazi ikabaki nyumbani.

"Cha nyuma ya maseremala?" mama yake aliuliza. "Watu watasema ulikataliwa."

"Watasema, mama."

"Tangu baba yako atutoke nimeilinda heshima ya nyumba hii. Leo ukoo utucheke?"

Timazi akamsimulia kuhusu kipandio, bila kukikuza. "Mama, ghorofa lina watu ndani. Pale watanifundisha kuzoea. Wewe uliposahihisha madaftari, uliwahi kumpa mtoto vema kwa sababu darasa zima limezoea kosa lake?"

Mama alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji kufutwa. Kisha akachukua simu.

"Shemeji, habari uliyoitangaza ukaibadilishe. Anakwenda chuo kidogo." Akasikiliza. "Hakukataliwa. Yeye ndiye amekikataa kile kikubwa." Akasikiliza tena, na mgongo ukamnyooka kitini. "Mwenye swali asimsumbue mtoto. Aje kwangu, na aje akiwa na nafasi, maana jibu langu ni refu."

Akakata simu, akavaa miwani.

"Haya, lete fomu. Nataka kuona mwandiko wako kabla haijatoka humu ndani."