Matofali Mawili Barazani kwa Shangazi

Harufu ya ukindu unaochemka na rangi ya zambarau hunirudisha barazani kwa Shangazi Zaituni, Bagamoyo, likizo ile nikiwa darasa la tatu. Shangazi alisuka mikeka. Shule hakuiona hata mlango. Siku moja alirudi kutoka mnadani Msata na furushi la mitumba, na kwenye mfuko wa kaptula moja tukakuta matofali mawili ya plastiki ya kuchezea, yale ya kupachikana, yote mekundu, kila moja lina vinundu vinane, vinne vinne safu mbili. Binamu yangu Rukia alicheka mpaka akakaa chini. "Mawili tu? Labda umjengee mende choo!"

Shangazi hakuinua macho kwenye ukili wa mkeka aliokuwa akiusuka. "Wee Rukia, hebu niambie kwanza, yanapachikana kwa namna ngapi?"

Tulidhani tano. Tukakaa mimi upande huu wa mkeka, Rukia upande ule, na kila namna mpya tukaichora mchangani, tukaichomekea kijiti cha chelewa. Siku ya tatu vijiti vilikuwa arobaini na sita, tukajiona maprofesa. Shangazi akachukua niliyoipachika mimi, akaizungusha kumwelekea Rukia. Ilikuwa ileile aliyokwisha kuichora yeye! "Mkeka huu nikiugeuza, nimesuka miwili?" Tukaanza kuzungusha, na kila tulipokuta pacha tukang'oa kijiti kimoja, huku tukilaumiana. Namna mbili tu hazikuwa na pacha. Vikabaki vijiti ishirini na vinne.

"Lingekuwepo tofali la tatu," Shangazi akasema, "shule mngeisahau."

Matofali yale ninayo, na binti yangu Salma nimemhesabisha hivyohivyo. Juzi mwalimu wake akauliza darasani swali lilelile. Salma akaandika ishirini na nne. Mwalimu akamwekea kosa kwa wino mwekundu, akawaambia wenzake, "Huyu anaota. Ni moja tu, juu na chini." Mtoto amerudi amefuta jibu lake, ameandika moja. Hilo ndilo lililonichoma. Shangazi asiyejua kusoma aliuliza, akasubiri siku tatu. Huyu mwenye cheti hakusubiri hata dakika.

Kesho asubuhi nitamwamkia mwalimu kwa adabu zote, kisha nitamwekea mezani matofali mawili na fungu la chelewa. Ahesabu. Mimi nitakaa upande huu wa meza, Salma upande ule.