Mvi Chini ya Piko

Hii nkihadithia naonekana mjinga, na kweli nlikuwa mjinga, kwa hivo sina wa kumsingizia.

Mie ni kinyozi. Kibanda changu kipo chini ya majumba ya Michenzani, kioo kimoja, kiti kimoja, na mdomo ambao wateja wanasema ndo unaonyoa kuliko mashine. Kaka yangu alikuwa akija mchana kukaa kwenye benchi, na mie nkimfanya ndo mchezo wa siku. Ana miaka ishirini na tisa, kichwa utadhani kamwagiwa unga wa sembe. Mtu akiingia namwambia, "Msalimie babu kwanza." Kuna wageni walikuwa wanampa shikamoo ya kweli, na yeye anaitikia marahaba polepole, kama mzee hasa.

Nlichokuwa siwaambii ni kwamba mie nimemzidi kwa mvi. Mvi zilianza kuniota nna miaka kumi na tisa. Kila Alkhamisi, kabla sijafungua, nateremsha pazia, nakoroga piko, ile rangi nyeusi ya nywele, kwenye kifuu cha nazi, najipaka mwenyewe. Kinyozi kijana mwenye kichwa cha babu, nani atakaa kwenye kiti chake? Hata mama hajui. Kofia haikunitoka kichwani.

Mwaka jana kaka akaanza kutoka damu kwenye fizi. Halafu akawa anapumzika mara tatu kwenye ngazi za nyumbani, yeye aliyekuwa akizipanda na gunia la mchele begani. Walipompima damu, kila kitu kipo chini. Akaongezwa damu, ikashuka, akaongezwa tena. Mwisho tukapanda boti kwenda Dar kwa daktari bingwa wa damu, mwanamke mpole, asiye na haraka.

Alimtazama kucha, zimepasuka kwa urefu. Akamwambia atoe ulimi, una mabaka meupe. Halafu akanigeukia mie.

"Baba yenu alikuwa na mvi?"

"Alikuwa nazo. Alikuwa mtu mzima."

"Alifariki na miaka mingapi?"

Nkahesabu. "Arobaini na mbili."

Baba alikuwa mwashi. Alikufa kwa kikohozi kikavu, na sote tulisema ni saruji.

"Na wewe? Una mvi?"

"Mie? Hata moja, dokta. Zangu nyeusi kama dhambi za huyu."

Kaka akacheka. Daktari akaandika.

Akaniuliza kazi yangu, nkamwambia. Basi akasema seli za mwili zinajigawa kila siku ili tupate damu mpya, ngozi mpya, na kila zikijigawa, ncha za nyuzi zilizomo ndani yake zinapungua kidogo, kama mtu anayenyolewa kila siku.

"Si zinaota tena?" nkamuuliza.

"Ndiyo kazi ya telomerasi. Hiyo ndiyo inayozirefusha. Kwa kaka yako inafanya kazi kidogo sana. Zikishakuwa fupi mno seli inaacha kujigawa, na uboho ndio unaotengeneza damu, kwa hiyo unachoka mapema."

Akasema kuna wengine ni kinyume, seli za saratani mara nyingi zinaiwasha telomerasi na hazijui kuacha kujigawa. Nkamwambia basi tukaazime kwao. Safari hii kaka hakucheka. Alikuwa anatazama mikono yake.

Dawa ya kweli ilikuwa uboho wa mtu mwengine. Wakanipima, tukafanana. Mpango ukawekwa twende India. Mtaani nkawa natembea kifua mbele. Nkiwa na mteja kwenye kiti namwambia, "Huyu mzee namtia injini mpya, mwakani ataniomba mashine." Mama alikuwa anasikiliza dirishani na kulia, na mie nkidhani ni furaha tu.

Kipimo cha vinasaba hakifanyiki hapa, damu inapelekwa nje. Walipeleka ya kaka peke yake, maana mie nlishasema sina hata mvi.

Kabla ya safari tulikaa Dar wiki tatu kwa jamaa, watu tisa na choo kimoja. Piko nlipake wapi? Siku ya mwisho ya kupimwa daktari akasema, "Vua kofia nikupime urefu."

Nkavua. Akasogea nyuma yangu. Nkasikia kidole chake kwenye kisogo, palipoanza kuota nyeupe.

"Hii ni nini?"

"Piko, dokta."

"Tangu lini?"

"Miaka saba."

Nlitaka anifokee. Akakaa kwenye kiti, akavua miwani. "Nilikuuliza kwa sababu mvi za mapema ni dalili, na ugonjwa huu unarithiwa," akasema. "Tungeua uboho wake kwa dawa, halafu tukampa wako, na wako pengine usingeshika. Ungemzika wewe mwenyewe."

Damu yangu nayo ikapelekwa. Majibu yalipokuja, ncha zangu ni fupi kama zake, ila mie bado sijaanza kuumwa. India ikavunjika. Miezi minne imepotea, miezi ambayo wangekuwa wanamtafutia mtu mwengine. Sasa anatafutwa asiye wa damu yetu, na mpaka leo hajapatikana. Kaka anaongezwa damu kila wiki mbili, na kuna vidonge vya homoni, ambavyo daktari anasema pengine vitaiamsha ile telomerasi kidogo. Pengine.

Skutaka daktari ndo amwambie kaka sababu. Tuliporudi Unguja nlimfuata kwenye ngazi, ghorofa ya pili, amekaa anapumua. Nkamwambia yote, Alkhamisi, pazia, kifuu, na kwamba nlimcheka miaka yote hiyo kwa kitu nlicho nacho mwenyewe. Nkangoja anitukane.

Akajishika ukutani mpaka pumzi zikamrudi.

"Si uboho wako nlokuwa namuomba Mungu," akasema. "Nlikuwa namuomba maradhi haya yaishie kwangu."