Ubatizo Kwenye Bomba la Stesheni

Mgodi ulipokufa, wanasiasa walitafuta wa kulaumu, wakawachagua majirani zetu wenye asili ya mkoa wa Kasai, warudishwe kwao. Waliotimuliwa walijaa stesheni ya Kolwezi, wakalala juu ya mizigo yao wakingoja treni ambayo hakuna aliyejua itafika lini. Kati yao alikuwemo jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, na kichanga chake kilichokuwa kinaharisha.

Stesheni ilikuwa na bomba moja tu. Mkuu wa komini, yaani mtawala wa wilaya yetu ya mji, akaamuru lifungwe: wakipata maji, alisema, watazoea kukaa. Na mtu huyo alikuwa na benchi lake kanisani, la mbele kabisa. Jumapili moja baada ya komunyo alisimama akatuambia kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyegawia kila kabila ardhi yake. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikasirika hata wimbo wa mwisho sikuuimba.

Sisi akina mama wa parokia tulijaribu kuwapelekea maji kwa bidoni, madumu yetu ya plastiki, lakini vijana wa chama cha mkuu walitumwagia njiani. Jirani yangu alinionyesha mtoto, midomo imekauka.

"Mama, huyu mutoto atanifia," alisema, sauti ya chini.

Nilikwenda moja kwa moja kwa padri. Nilimwambia mtoto yule hajabatizwa, wala wenzake wengi pale stesheni, na kwamba mimi nitakuwa mama yake wa ubatizo. Tuwabatizie pale pale, na mkuu wa komini tumwombe awe baba wa ubatizo wa wote. Padri alinitazama, kisha akacheka mpaka akavua miwani.

Alitangaza altareni, mbele ya kila mtu. Mkuu angekataaje, naye ndiye msemaji wa Mungu wa ardhi? Alikuja na suti yake. Parokia nzima ilitembea hadi stesheni ikiimba. Padri akasimama kando ya bomba, beseni tupu mkononi.

"Tata," nilimwita mkuu, yaani baba, kwa heshima yote niliyoweza kuikusanya, "batoto bako tayari. Maji iko wapi?"

Alimpungia mkono mlinzi wa stesheni aliyeshika ufunguo, bomba likafunguliwa. Hapo padri, badala ya kubariki maji ya besenini, akalibariki bomba lenyewe, na mfereji wake wote hadi unapoingia ardhini. Hilo sikumwomba mimi. Lilikuwa utundu wake mwenyewe, na ninampenda kwalo hadi leo.

Jioni ikaja amri ya kufunga. Mlinzi alikuwa Mprotestanti, miaka yote akitucheka kwa maji yetu ya baraka. Akatia ufunguo mfukoni.

"Mi siwezi kufunga ile maji," alisema. "Bakuye bafunge bo benyewe."

Hawakuja. Jumapili iliyofuata mkuu alikaa kwenye benchi lake akitazama viatu vyake, baba wa watoto wote wale wa Kasai, na kabla ya wiki kwisha amri ikafutwa.

Treni ilifika hata hivyo. Hilo hatukuweza kulizuia, na bado linaniuma. Lakini asubuhi ile jirani yangu alimvua nguo mwanangu wa ubatizo, ambaye sasa alikuwa na mashavu, akamkalisha chini ya bomba. Askari walimpigia kelele apande. Akampaka sabuni mara ya pili. Alimsuuza taratibu, akamkausha masikio, akamfunga mgongoni. Kisha akapanda, na bomba akaliacha wazi linamwagika.